Volkano Nyuma ya Nyumba ya Mama

Nilipoanza kufundisha Jiografia nilikuwa mjuaji kupita kiasi. Nasema mwenyewe kabla mtu mwingine hajanisemea. Nilikuwa na cheti, vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Chanji, pale Sumbawanga mjini, redio ya kaseti, na viatu vya mtumba ambavyo viliwahi kuvaliwa na mwanamke mwenye miguu mirefu kuliko yangu. Shule yetu ilikuwa mpya, imejengwa kwa michango ya wazazi, madarasa mawili hayana dari, na mvua ikinyesha juu ya mabati tulikuwa tunakaa tu tukitazamana, maana hakuna sauti ya mwalimu inayoweza kushindana na mvua ya Sumbawanga.

Zilikuwa zile siku ambazo kila kitu kilikuwa ruksa. Sabuni zilirudi madukani, mitumba ilimwagwa chini sokoni kama mahindi, na wafanyabiashara walikuja na malori yao wenyewe mpaka mlangoni kwa mkulima kununua maharage. Ardhi nayo ilianza kutafutwa. Mtu ambaye jana hukumjua alikuja kusimama ukingoni mwa shamba lako, akalitazama, akauliza kama wenyewe wapo.

Mada niliyoipenda kuliko zote ilikuwa volkano. Nilichora ubaoni mlima mpana ulioinama taratibu, ule ambao lava yake ni nyepesi na hutiririka mbali kabla ya kuganda. Nikachora mwingine wenye pande kali, uliojengwa tabaka kwa tabaka, lava juu ya majivu, majivu juu ya lava, huo ndio wa kuogopwa kwa sababu hukaa kimya miaka mingi halafu hulipuka kwa mpigo. Mwisho nikachora kile kidogo, koni ya majivu na vipande vya mawe, ambacho kinaweza kuchomoza hata katikati ya shamba la mtu. Hapo nilikuwa napunguza sauti. Wanafunzi walipenda hapo. Kisha niliwaeleza kwamba volkano iko hai, au imelala, au imekufa, na kwamba kosa kubwa la binadamu ni kudhani iliyolala imekufa.

Niliwafundisha pia, tena kwa kuandika ubaoni, kwamba nyanda zetu za Ufipa si za volkano. Sisi tumeinuliwa tu. Ardhi ilipasuka upande huu na upande ule, upande mmoja likazama bonde la Ziwa Tanganyika, upande mwingine bonde la Rukwa, na sisi tukabaki juu katikati na baridi yetu. Milima ya moto iko mbali, kule Rungwe. Hayo niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Naomba msomaji ayakumbuke, kwa sababu mimi niliyasahau ndani ya wiki moja.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ardhi ilitetemeka. Halikuwa tetemeko kubwa. Ubao uligonga ukuta mara tatu, chaki zikadondoka, msichana mmoja wa mbele akaanza kulia. Darasa zima likanigeukia kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyelileta kwa ile michoro. Niliwaambia ni bonde la ufa, linajinyoosha, ni jambo la kawaida. Nilisema kwa utulivu kabisa. Lakini moyoni nilikuwa na jambo moja tu, mama.

Mama alikuwa anaishi peke yake kijijini, upande ambako nyanda zinakaribia kukatika na kushuka Rukwa. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Kaka zangu wawili walikuwa mbali, na waliandika barua kwamba mambo ya mama niyaamue mimi kwa kuwa ndiye niliyesoma na ndiye niliye karibu. Jumamosi nikapanda lori la mnunuzi wa mahindi, nikakaa juu ya magunia matupu, nikaenda.

Nilimkuta mzima, yuko shambani anageuza majani kwa jembe na kuyafunika kwa udongo, tuta moja baada ya jingine, yale matuta yetu ya duara ambayo majani huoza ndani yake na kuwa mbolea. Tetemeko alilisikia. Chungu kimoja kilikuwa kimepasuka. Aliniuliza kama nimekula.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kilima. Si kirefu, mtu mzima anakipanda kabla hajaanza kuhema, lakini kina miti mingi kwa sababu hakuna aliyewahi kuikata. Baba alitukataza. Alitukataza mimi na mama, si kaka zangu. Hata kuni tulikwenda kuokota mbali, wakati kuni zimelala pale nyuma ya jiko. Nikimuuliza kwa nini, alijibu, "Pale si pa wanawake," na kwamba baba yake naye alimwambia hivyo hivyo. Sidhani kama alijua zaidi ya hapo. Kaka zangu walipanda mara moja, wakarudi wakasema kuna vichuguu na mawe tu, wakaenda kucheza mpira. Mama alikuwa mtu wa kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, ameolewa huku juu, na mgeni ndoani haulizi sana. Alikaa na kilima kile nyuma ya jiko lake miaka zaidi ya thelathini bila kukanyaga.

Jumamosi ile nilikanyaga mimi. Nilitaka kuona kama tetemeko limepasua ardhi. Mama alibaki chini anaita, "Mwanangu, rudi! Baba yako alikataa!" Nikamwambia marehemu atanisamehe, mimi ni mwalimu.

Nilifika juu. Chini ya majani kulikuwa na mawe meusi, mamia kwa mamia, mazito, yamejaa matundu kama andazi lililokatwa katikati. Mengine yalikuwa yanang'aa kama kioo. Mengine yalikuwa na mikunjo, yaani ulikuwa unaona kabisa kwamba jiwe lile siku moja lilitiririka, likachoka, likaganda. Na katikati yake kulikuwa na koni. Ilinifika kifuani, ya udongo mwekundu ulioungua hata ukawa mgumu kama tofali, juu iko wazi na ndani ina shimo. Kuizunguka chini kulikuwa na matundu. Nilihesabu matundu yale nikayapa jina papo hapo, matundu ya kutolea gesi. Palikuwa na koni ya pili, imebomoka, na labda ya tatu.

Palikuwa pia na vipande vya mirija ya udongo, minene kama mkono, imevunjika vunjika. Niliviona vizuri. Nikavisukuma kwa mguu, kwa sababu katika kitabu changu havikuwemo.

Niliteremka nikimbia. Nilimweleza mama yote pale pale: kwamba hiki si kilima, ni volkano, ndogo lakini ni volkano, kwamba imelala haijafa, na kwamba tetemeko la Alhamisi lilikuwa ni yenyewe inajigeuza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama kule juu akasema polepole, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anatukataza."

Nilijiona nimeshinda. Yaani hata amri ya marehemu sasa ilikuwa upande wangu.

Wiki mbili baadaye mama alikuwa Chanji, kwenye chumba changu cha pili, na godoro lake, na sufuria zake, na kuku watatu ambao mwenye nyumba aliwakubali kwa shingo upande. Darasani nilipeleka jiwe moja. Lilipita mkono kwa mkono, nami nikaeleza gesi ilivyotoboa matundu yale lava ilipokuwa bado laini. Sijawahi kusikilizwa vile.

Mama hakulalamika. Afadhali angelalamika. Alifagia uwanja wa watu wasiokuwa ndugu zake, akafagia tena mchana. Alikwenda sokoni akarudi na fungu la majani ya maboga, akaliweka mezani akalitazama muda mrefu, akasema, "Nimenunua majani ya maboga." Alikonda. Mimi nikajiambia ni mabadiliko ya mazingira, atazoea, mradi yuko hai. Nilimpenda, ndiyo, lakini pia nilikuwa na hofu kiasi kwamba niliamka na kulala nikiuona moto ukimfikia jikoni.

Niliamua shamba na nyumba ya kijijini viuzwe, na mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa mfugaji kutoka bondeni, upande wa Mtowisa, mzaliwa wa kaskazini-magharibi, mmoja wa wale waliohama na ng'ombe wao mwaka hadi mwaka mpaka wakatufikia. Mwanamume wa makamo, mpole, anavua kofia hata akiongea na mtoto. Alisema joto la bondeni linaua ndama wake, na wanawe hawakosi homa, anataka mahali pa baridi pa kujenga. Alilitazama shamba akaipenda hasa sehemu ile ya nyumba, chini ya kilima, kwa sababu inakingwa na upepo. Tukakubaliana Jumamosi moja tukutane pale pale, kisha twende kwa mwenyekiti wa kijiji kuandikishana.

Siku moja kabla, jioni, mama alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza bila kuinua uso.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Hicho kitu cha nyuma ya nyumba."

Nilijua atauliza. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia yule ni mfugaji, atalisha tu, na wafugaji wanahama kila mara. Nikamwambia pengine haitalipuka kwa miaka mia. Nikamwambia kwamba tukimwambia hatanunua, na hakuna mwingine atakayenunua, na habari ikienea kijiji kizima kitataharuki. Nilikuwa na sababu nyingi, zote nimezipanga vizuri.

"Anasema atajenga," mama akasema. "Ana watoto sita."

"Mama, mimi ninakuangalia wewe."

"Niangalie. Lakini usiniuzie mtu kifo."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwamba watu wa kizamani ndivyo walivyo, kwamba kwa wema huo tutakufa maskini. Alimaliza kuchambua maharage yake, akayaloweka, akalala. Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani.

Tulimkuta mfugaji ameshafika, amekaa kwenye jiwe karibu na mlango wa nyumba yetu, ambayo ilikuwa imefungwa tangu tuondoke na tayari inaonekana kama ya watu wengine. Alisimama akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kabla hatujaenda kwa mwenyekiti, kuna jambo. Mwalimu atakueleza."

Akanigeukia. Hakunisaidia hata kidogo, alinigeukia tu. Basi nikaanza. Sauti ilikuwa ndogo mwanzoni, lakini mimi najijua, nikishaanza mada sirudi nyuma. Nilimweleza yule baba habari za volkano zote, zinazotiririka na zinazolipuka, hai na zilizolala, nikamweleza tetemeko, nikamweleza mawe. Alisikiliza kwa adabu, kofia mkononi. Nilipomaliza akasema, "Naomba nipaone."

Tulipanda watatu. Mama alisita kidogo pale miti inapoanzia, akakaza kitenge kiunoni, akapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Mfugaji hakushtuka kama nilivyotegemea. Aliokota jiwe moja jeusi, akalipima uzito mkononi. Akaokota la pili, akayagonganisha, akasikiliza. Kisha akaiendea ile koni, akapiga magoti, akaingiza mkono wote katika tundu mojawapo la chini, akapapasa, na akautoa akiwa ameshika kipande cha mrija wa udongo, kizima kuliko vyote nilivyoviona mimi. Akakipangusa kwa shati lake. Alikuwa anajizuia kucheka, niliona mabega.

"Mwalimu," akasema, "hiyo volkano yako huwa inafinyanga mirija?"

Nilivitazama vile vipande nilivyovisukuma kwa mguu.

"Haya ni mavi ya chuma," akaendelea, safari hii kwa upole. "Na hili ni tanuri. Kwetu yapo. Upande wa mama yangu ni ukoo wa watu wa chuma, babu alinionyesha nikiwa mdogo. Walikuwa wanachoma udongo wenye chuma na makaa humu ndani, upepo unaingia kwa hii mirija, chuma kinabaki na uchafu unatoka unatiririka. Ndio huu mmeukanyaga. Hapa watu walikuwa wanatengeneza majembe, mama. Zamani sana."

Mama alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Kwa hiyo halitalipuka?"

"Lilipukie wapi? Moto wa hapa ulizimwa pengine kabla wewe hujazaliwa."

"Na mbona baba yake huyu alitukataza?"

"Hata kwetu mwanamke alikuwa hasogei. Walisema akipita, chuma kitakataa kutoka. Watu wameacha kazi, mwiko umebaki."

Mama aliketi chini, pale pale juu ya majani, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Nilidhani amezidiwa. Nikamkimbilia. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akanitazama, akaanza upya. "Inajigeuza!" alisema. "Ati inajigeuza!" Mfugaji naye akashindwa kujizuia. Mimi nilisimama katikati yao na cheti changu. Kisha nikasikia kitu kinalegea kifuani, kitu nilichokuwa nimekibeba wiki zile zote bila kukitua, na nikaketi karibu na mama, nikacheka na kulia kwa pamoja. Hapakuwa na moto. Mama hatafikiwa na moto jikoni kwake. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa sijui kitu.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba matanuri ya namna hiyo yako sehemu nyingi za Ufipa, mengine marefu kuliko mtu, na wazee waliyaita malungu. Nilikuwa nimezaliwa katikati yake. Nilizijua volkano za mbali kwa majina na urefu, na sikujua babu zangu walikuwa wanayeyusha mawe hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu.

Tuliteremka. Mfugaji alirudisha kofia kichwani, na hapo nikamwona ametulia, kama mtu ambaye ameelewa mambo yamekwendaje.

"Basi hutauza, mama," akasema. Hakuuliza.

"Siuzi."

"Ningekuwa wewe nami nisingeuza."

Mama akamtazama. "Wewe ulijua pale pale juu, ulipogonga yale mawe. Ungenyamaza ungepata shamba hili, tena kwa bei ya kutupa. Kwa nini hukunyamaza?"

Alionekana kuona haya. Akasema, "Sasa wewe umenipandisha mpaka juu kuniambia jambo la kuniogopesha nisinunue. Halafu mimi ninyamaze?"

Mama alifikiri. Akamwonyesha kwa mkono upande wa bondeni, kule ambako tulikuwa tumeacha ardhi ipumzike. Akamwambia kiangazi kikija awalete ndama wake pale, walishwe bure, na watoto wake wakishikwa na homa awalete kwa huyu bibi yao huku kwenye baridi. Walikuja kweli, mwaka ule na mingine baada yake. Darasani niliwaambia wanafunzi ukweli wa lile jiwe siku ya Jumatatu. Walicheka hadi kengele, kisha wakaniuliza maswali ya chuma ambayo sikuweza kuyajibu hata moja.

Lakini narudi kwenye Jumamosi ile. Mfugaji alipokwenda zake, mama alifungua mlango, akafungua na madirisha. Alikuta buibui wamejenga kila kona. Alianza kufagia nyumba yake. Aliniambia nirudi mjini na lori la jioni, nilete godoro, sufuria zote, na kuku, na nimlipe mwenye nyumba kwa usumbufu. Alikuwa anaimba kidogo. Nilisimama mlangoni nikimtazama, nimejaa furaha, naona kila kitu kimesharekebishwa.

Akaacha kufagia. Hakugeuka.

"Wewe uliamini kabisa ni volkano?"

"Niliamini, mama. Naapa."

"Na ungemwacha alale hapa na wale watoto sita?"

Nilifungua mdomo. Sababu zangu zote zilikuwepo bado, kwa mpangilio ule ule, na hapakuwa na hata moja ambayo ningeweza kuitamka ndani ya nyumba ile.

"Usinijibu," mama akasema, na akaendelea kufagia. "Nenda kalete vitu, mwanangu. Lori litakuacha."